Mtoto wa Muhuru Bay ni Dhamana ya Kaunti Yake

Kwa muda mrefu tumekuwa na desturi, tunapopima madhara ya ugomvi wa nyumbani, ya kumhesabu aliyepigwa na kumtafuta aliyepiga, kisha tukalifunga daftari kana kwamba hesabu imetimia. Na mtoto aliyelala nyuma ya pazia, ambaye hakuguswa na kofi wala fimbo lakini aliusikia usiku ule neno kwa neno na kishindo kwa kishindo, haandikwi popote. Hakupelekwa hospitali kwa kuwa hana jeraha la kuonekana. Hakuitwa kutoa ushahidi kwa kuwa ni mdogo. Hakuulizwa hali kwa kuwa kila mtu mzima aliyefika pale asubuhi alikuja kwa ajili ya mama au kwa ajili ya baba. Rai yangu ni kwamba mtoto huyo naye ni mdhulumiwa kamili, mwenye haki yake mwenyewe ya kuhifadhiwa na kutulizwa, na kwamba serikali iliyo karibu naye kuliko zote, yaani serikali ya kaunti, ndiyo inayopaswa kuibeba dhamana yake kwa fedha na kwa watumishi, badala ya kuisukuma dhamana hiyo mpaka Nairobi.

Ninayaandika haya nikiifikiria Muhuru Bay, ile pembe ya mwisho ya Nyatike katika Kaunti ya Migori, ambako ufuo wa Kenya wa Ziwa Victoria unakoma na ufuo wa Tanzania unaanza. Huko riziki ya watu hufuata ziwa. Omena, yaani dagaa, huvuliwa usiku wa giza kwa taa zinazoelea juu ya maji, na mwezi unapopevuka taa hizo hazina kazi, mitumbwi hulazwa mchangani, na wanaume waliokuwa wakikesha majini hukaa nyumbani mikono mitupu, ilhali deni la dukani linakua na maneno ya nyumbani yanakua nalo. Wanawake hununua omena ufuoni, wakaianika juu ya nyavu kuukuu, wakaipeleka sokoni. Na baadhi yao hupata samaki kwa masharti ya aibu, ya kumlipa mvuvi kwa ngono, ambayo kanda nzima ya ziwa inayajua kwa jina la jaboya, masharti ambayo humdhalilisha mwanamke ufuoni, kisha humrudia nyumbani kwa sura ya tuhuma na kipigo. Simtafutii mwanamume udhuru katika hayo. Umaskini haujapata kuinua mkono ukampiga mtu. Ainuaye mkono ni mtu mwenye hiari yake, na wapo wavuvi wengi maskini katika ufuo huo huo ambao wake zao hawajui ngumi ni nini. Nayataja ili ieleweke kwamba ugomvi wa nyumba za huko una majira yake, na kwamba serikali yenye nia ya kuwakinga watoto ingeweza kuyajua majira hayo na kujitayarisha mapema.

Takwimu za taifa zinatosha kumwondolea msomaji dhana kwamba ninazungumzia aila chache zilizopotoka. Uchunguzi wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wanawake 34 katika kila 100 nchini Kenya wamepata kupigwa tangu walipotimiza umri wa miaka 15, na katika Kaunti ya Homa Bay, jirani ya Migori katika ufuo huo huo wa ziwa, waliopigwa ni zaidi ya nusu. Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2019, uliowauliza vijana wa miaka 18 hadi 24 habari za utoto wao, ulipata kwamba karibu nusu ya wasichana na zaidi ya nusu ya wavulana walikuwa wametendewa ukatili wa namna moja au nyingine kabla ya kufikia utu uzima. Penye wanawake wengi kiasi hicho waliopigwa, pana watoto wengi zaidi waliokuwa wakisikiliza.

Na kusikiliza huko si jambo jepesi. Nyumba nyingi za wavuvi ni za mabati, chumba kimoja kilichogawanywa kwa leso au shuka, na mtoto wa miaka minane anayelala upande wa pili wa shuka hiyo hujifunza elimu ambayo hakuna mwalimu aliyemfundisha: huijua hali ya baba kwa namna anavyolishika komeo la mlango, huijua saa ya hatari kwa sauti ya sufuria inavyowekwa chini, hujua amwamshe mdogo wake lini, ambebe mgongoni vipi, na apite wapi gizani mpaka nyumba ya bibi bila mbwa kubweka. Asubuhi hufika shule amechelewa, hana sare safi wala kitabu, na ifikapo saa nne analala juu ya dawati. Mwalimu asiyejua kitu humwita mvivu. Mwingine hakai kimya, bali hupiga wenziwe kwa sababu ndiyo lugha aliyoamkia. Mwingine hukojoa kitandani akiwa na umri ambao wenzake waliacha zamani, akaadhibiwa kwa hilo. Na mwingine, aghalabu msichana mkubwa, huacha shule bila kumuaga mtu, akawa ndiye mama wa nyumba wakati mama mwenyewe amekimbilia kwao. Haya yote huonekana kila siku na kila mtu, na yanapewa majina ya utundu, uzembe na utovu wa adabu.

Sheria, kwa upande wake, haikumsahau mtoto huyu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kulindwa na dhuluma, na kutelekezwa, na aina zote za ukatili, na inaamuru kwamba maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Kinga Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015 haikuishia kwenye kipigo, bali inayataja mateso ya hisia na ya nafsi kuwa ni dhuluma, pamoja na ndoa za watoto na kurithiwa kwa lazima kwa wajane, na inaruhusu amri ya ulinzi iombwe mahakamani kwa niaba ya mtoto. Kisha ikaja Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua mahali pa ile ya 2001, ikampa afisa wa watoto madaraka mapana ya kuingilia kati pale mtoto anapohitaji hifadhi. Mwenye kuzisoma sheria hizi akiwa Nairobi anaweza kuamini kwamba kazi imekwisha.

Lakini na tumfuate mama mmoja wa Muhuru Bay, ambaye jana usiku alipigwa mbele ya watoto watatu, na leo ameamua kuitafuta sheria hiyo. Ataanza kwa mzee wa kijiji, ambaye atamsihi mambo yamalizwe nyumbani; atakwenda kwa naibu wa chifu, ambaye pengine ni mtu mwema lakini hana chumba cha kumlaza mtu; atafika kituo cha polisi akaandikishe ripoti na apewe fomu ya P3; fomu hiyo itamtaka atafute daktari wa kuijaza; na akitaka amri ya mahakama itambidi apande bodaboda, kisha matatu, mpaka mahakama ya Migori mjini, amebeba mtoto mchanga, na nauli ametoa katika fedha za omena ambayo leo hakuianika. Afisa wa watoto yupo, lakini ni mtumishi wa serikali ya taifa, ana kaunti ndogo nzima ya kuizunguka, na maafisa wa kazi hiyo nchini ni wachache mno kuliko watoto wanaowangoja. Katika safari yote hiyo hakuna aliyeuliza wale watoto watatu wamelala wapi. Jioni mama hurudi, kwa kuwa hana pa kwenda. Na watoto wakamwona anarudi, wakapata funzo la pili, baya kuliko la kwanza, kwamba nje ya nyumba yao hakuna mtu.

Hapa ndipo mashauri yangu yanapoielekea kaunti, nami nayajua majibu yatakayotolewa. Itasemwa kwamba Jedwali la Nne la Katiba liliacha ulinzi wa watoto mikononi mwa serikali ya taifa, na kwamba kaunti ikitumia fedha zake huko mkaguzi ataihoji. Jibu hilo lina nusu ya ukweli. Jedwali hilo hilo liliipa kaunti huduma za afya, elimu ya chekechea, na vituo vya kulelea watoto. Maana yake ni kwamba muuguzi anayeshona jeraha la mama ni mtumishi wa kaunti, mwalimu anayempokea mtoto wa miaka minne asubuhi ni mtumishi wa kaunti, na mhudumu wa afya ya jamii anayeingia nyumba hadi nyumba analipwa posho ambayo kaunti inaichangia. Wahudumu hao, ambao zaidi ya 100,000 kati yao walikabidhiwa vifaa vyao vya kazi nchini kote mwaka 2023, kila mmoja hutazamia takribani nyumba 100, na hakuna afisa wa Nairobi atakayeijua nyumba yenye vita kabla yao. Kwa hiyo kaunti inaweza kumwona mtoto huyu kupitia watumishi wake yenyewe. Udhuru wa kwamba mtoto huyo haihusu kaunti hausimami. Serikali inayojua kufika ufuoni alfajiri kutoza ushuru wa samaki inaweza pia kufika kwa watoto wa wale waliovua samaki hao.

Nadhani ugumu wetu una mizizi ya zamani. Tangu mabaraza ya wenyeji yalipoundwa na Waingereza katika miaka ya 1920, serikali za mitaa katika nchi hii zilizoea kujitambua kwa masoko, barabara, ushuru, na majengo ya shule na zahanati. Na yaliyopita ndani ya nyumba za watu yaliachiwa wazee, makanisa na aila. Kaunti ziliporithi kazi za mabaraza mwaka 2013 zilirithi na mazoea hayo. Diwani husifiwa kwa daraja na taa za soko, na hakuna anayemwuliza katika kampeni watoto wangapi wa wadi yake walilala salama.

Wenzetu wa ng'ambo ya mpaka walichagua njia nyingine. Sheria ya Mtoto ya Tanzania, ya mwaka 2009, inaikabidhi mamlaka ya serikali ya mitaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto aliye katika eneo lake, na maafisa ustawi wa jamii wa wilaya hufanya kazi ndani ya halmashauri. Juu ya hayo, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, uitwao MTAKUWWA, ulioanza mwaka 2017, uliagiza ziundwe kamati za ulinzi kutoka taifa hadi kijiji. Zanzibar, tangu mwaka 2011, ina kituo cha Mkono kwa Mkono katika hospitali ya Mnazi Mmoja, ambako daktari, polisi na mshauri nasaha hukutana chini ya paa moja, ili aliyeumizwa asilazimike kuisimulia aibu yake katika ofisi nne. Sisemi kwamba watoto wa mkoa wa Mara, huko ng'ambo, na wa Unguja wamekwisha kusalimika. Fedha ni haba huko kama huku, na kamati iliyoandikwa katika karatasi si kamati inayokutana. Ninachosema ni kwamba mama wa upande ule wa mpaka, akiuliza ni ofisi gani yenye dhamana ya mtoto wake, ana jibu moja la kupewa, nayo ofisi hiyo iko katika wilaya yake.

Uingereza nayo ilifika mbele zaidi katika sheria yake ya mwaka 2021 kuhusu dhuluma za nyumbani, ambayo inatamka wazi kwamba mtoto aonaye, asikiaye au apataye madhara ya dhuluma dhidi ya jamaa yake ni mdhulumiwa kwa haki yake mwenyewe, na inazilazimisha serikali kubwa za mitaa za nchi hiyo kutoa msaada kwa waliokimbilia makao salama, wakubwa na wadogo. Nchi ile ni tajiri, na sitaki tuige kila kitu cha matajiri. Lakini kuna jambo moja la kwao ambalo halikutokana na utajiri, nalo ndilo ninalotaka lichukuliwe Muhuru Bay kabla ya mengine yote. Mwaka 2011, katika mji wa Plymouth, mwalimu mkuu mmoja na mumewe aliyekuwa polisi walianzisha utaratibu uitwao Operation Encompass: polisi wakiitwa usiku katika nyumba yenye ugomvi na ndani yake mna mtoto, shule ya mtoto huyo hupewa habari kabla kengele ya asubuhi haijalia. Basi. Hakuna jengo, hakuna gari, hakuna mhisani. Kuna neno lililofika kwa wakati kwa mtu anayefaa. Utaratibu huo umeenea tangu hapo kwa polisi wa Uingereza na Wales.

Na tutafakari utaratibu huo ungekuwaje kwetu. Mzee wa kijiji au askari wa dawati la jinsia, akiwa ametoka katika nyumba ile saa nane usiku, angempigia simu kabla ya mapambazuko mwalimu mmoja aliyeteuliwa katika shule, akamwambia tu kwamba mtoto fulani wa darasa la tatu hakulala. Hatasimulia nani alimpiga nani wala kwa nini. Hilo si la shule, na Muhuru Bay ni mahali padogo ambako siri huvuka ufuo kabla ya mtumbwi. Ndiyo maana nasema mwalimu mmoja, na kwa simu, bila karatasi ya kuzagaa. Mwalimu huyo atajua la kufanya: atamwacha alale nusu saa katika chumba cha walimu, atahakikisha amepata uji, hatamwuliza kazi ya nyumbani, na hatamchapa, jambo ambalo kwa hali yoyote limeharamishwa katika shule zetu tangu mwaka 2001. Siku ya tatu atamwita kando, amwulize hali. Mtoto akisema, atasikilizwa. Akinyamaza, ataachwa anyamaze akijua mlango uko wazi. Walimu wa shule za msingi huajiriwa na tume ya taifa, nao wa chekechea ni wa kaunti. Lakini chifu, mwalimu mkuu, msimamizi wa wadi na mkuu wa kituo cha polisi huweza kukaa chini ya mwembe mmoja wakakubaliana hata kesho, na ni kaunti, kupitia msimamizi wa wadi, inayofaa kuwaita. Gharama yake ni muda wa maongezi katika simu, na mafunzo ya siku chache kwa walimu, ambayo bajeti yoyote ya kaunti inaweza kuyabeba bila kuguna.

Jambo la pili ni zito zaidi, nalo linahusu nani aondoke nyumbani. Kwetu mama ndiye anayekimbia. Humchukua yule anayenyonya, wakubwa wakabaki, kwa kuwa kwa mila watoto ni wa boma la baba na kwa kuwa nyumbani kwa kaka zake hakuna nafasi ya watu watano. Hivyo, kwa kujiokoa, analazimika kuwaacha watoto na mtu yule yule aliyemkimbia. Sheria ya 2015 ililiona jambo hilo. Inaipa mahakama uwezo wa kumwamuru mwenye kudhuru aihame nyumba wanayoishi, hata ikiwa nyumba ni mali yake, ili mke na watoto wabaki penye vitanda vyao na shule yao. Ni amri adili, na ni adimu kuiona ikitekelezwa katika nchi ya boma, ambako nyumba ya mke imejengwa katika uwanja wa baba mkwe, imezungukwa na nyumba za mashemeji, na mwanamume aliyehamishwa kwa karatasi ya hakimu anaweza kulala hatua ishirini kutoka mlango uliomfukuza. Hakimu wa Migori hawezi kukesha pale. Anayeweza ni jaduong', yaani mzee, wa boma lile na majirani zake, wakitaka. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 ilikusudia kila kijiji kiwe na baraza lake, lenye msimamizi na wazee watatu hadi watano. Kaunti nyingi zimechelewa kuyaunda mabaraza hayo kwa hoja ya gharama. Yaundwe, na moja ya kazi zake za kwanza iwe hii: kuhakikisha kwamba amri ya mahakama ya kumwondoa mwenye kudhuru inaheshimiwa ndani ya boma.

Nimewataja wazee kwa heshima, wala sikusudii kuwavunjia hadhi. Wameokoa ndoa nyingi, na mama wengi huwaamini kuliko polisi. Lakini kuna mpaka ambao baadhi yao wameuvuka, nao ni pale mtoto anaponajisiwa na jamaa au jirani, wakakaa na kupatana juu ya mbuzi au fedha, mtoto akarudishwa nyumba ile ile. Upatanisho wa namna hiyo ni jinai juu ya jinai, na mzee aliyeshiriki hana udhuru wa mila wa kujifichia. Na kaunti isimpe posho mzee wa namna hiyo.

Nyumba salama ni jambo la tatu, nalo linajieleza lenyewe: kaunti ya Migori inahitaji, katika upande wa ziwa, nyumba ya hifadhi ya mama pamoja na watoto wake wote, wavulana wakubwa wakiwemo, kwa siku zinazohitajika mpaka mahakama itoe amri. Muhuru Bay imekwisha kuonyesha faida ya kitanda kilicho mbali na vurugu. Shule ya sekondari ya bweni ya WISER, iliyopokea wasichana wake wa kwanza mwaka 2010, imewapa mabinti wa ufuo huo mahali pa kusoma na kulala kwa amani. Lakini shule si hifadhi ya dharura, haipokei mtoto wa miaka sita wala kaka yake, na si haki hatima ya watoto wa kaunti nzima iegemezwe juu ya ihsani ya wafadhili. Na nyumba hiyo ikijengwa, isijengwe kisha ikafungwa kwa kukosa mlinzi na unga. Tumeona majengo ya namna hiyo ya kutosha katika nchi yetu, yamezinduliwa kwa ngoma na kuachiwa popo.

Lipo pia suala la mpaka, ambalo watu wa bara huenda wasilifikirie. Mwanamume wa Muhuru Bay aliyemjeruhi mkewe anaweza kuvuka mpaka wa Kirongwe kwa miguu akawa Tanzania, au akapanda mtumbwi kwenda Migingo, kisiwa kidogo mno ambacho Kenya na Uganda zimekigombania kwa miaka mingi huku wavuvi wa mataifa yote wakiishi humo wamebanana. Hakuna kaunti inayoweza kutatua mzozo wa mipaka. Lakini kamati za fuo, ambazo wavuvi wenyewe huziita BMU, zinayo orodha ya kila mwanachama na kila chombo. Na kamati inayoweza kumnyima mtu ruhusa ya kuvua kwa kosa la nyavu haramu inaweza kumzuia asiingize chombo majini mtu anayetafutwa kwa kumvunja mkewe mkono mbele ya watoto wake.

Kwa wajumbe wa bunge la kaunti, walioko Migori na walioko Homa Bay, ninalo ombi moja lisilo na mafumbo. Makadirio ya fedha hufika mbele yenu mwishoni mwa Aprili na kupitishwa kabla ya Julai kuingia, na kabla ya kuyapitisha sheria inawataka mwasikilize wananchi. Katika makadirio hayo wekeni fungu lenye jina la watoto hawa, lisilochanganywa na sherehe za siku ya wanawake wala na semina za hotelini: mafunzo ya walimu na wahudumu wa afya ya jamii, nauli ya mama anayekwenda mahakamani na watoto wake, mafuta ya gari la afisa wa watoto hata kama mshahara wake unatoka Nairobi, na nyumba moja ya hifadhi upande wa ziwa.

Nawe msomaji wa Muhuru, wa Sori, wa Mbita au wa Sindo, mikutano hiyo ya bajeti hutangazwa, nayo mara nyingi huhudhuriwa na watu wachache waliozoea kuhudhuria. Nenda, simama, uliza fungu la watoto liko ukurasa gani. Na usiku huu huu, ukisikia kwa jirani kile ambacho sote tumezoea kukisikia na kukinyamazia, ipo namba ya simu ya watoto, 116, haina malipo, nayo ni ile ile moja ukiwa Kenya, ukiwa Tanzania au ukiwa Uganda.